Sura ya Nane: Kivinjari Kisichopiga Hodi

Desemba 2025 Mozilla ilimkabidhi Anthony Enzor-DeMeo uongozi wa kampuni yake inayotengeneza kivinjari cha Firefox. Katika tamko lake la kwanza alisema Firefox itakua na kuwa kivinjari cha kisasa chenye akili unde. Ndani ya tamko hilohilo aliongeza kwamba akili unde lazima ibaki hiari ya mtumiaji, kitu ambacho mtu anaweza kukizima bila taabu. Wengi hawakuitilia maanani ahadi hiyo ya pili. Hasira iliyofuata ilikuwa kubwa, na iliwaka zaidi kwa watu walewale walioing'ang'ania Firefox kwa miaka mingi huku majirani zao wote wakihamia Chrome. Haikupita muda Mozilla ikaahidi swichi moja ya kuzimia kila kitu. Tarehe 24 Februari 2026 toleo la 148 lilitoka, na swichi ile ikawemo ndani ya mipangilio.

Ule ulikuwa ushindi wa watumiaji, na ninaufurahia. Hata hivyo, kila ninapoisoma ahadi ya kiongozi yule naona mambo mawili yaliyowekwa mahali pamoja kana kwamba ni jambo moja. Kumwezesha mtu kuzima ni hatua moja. Kumuuliza kabla ya kuwasha ni hatua nyingine kabisa, na ndiyo nzito. Ukimwachia mtumiaji kazi ya kuzima, umemtwika kila kitu: ajue kwamba kipengele kipo, aelewe kinafanya nini, agundue swichi imewekwa wapi, kisha apate nafasi ya kwenda kuitafuta baina ya kazi zake. Ukimuuliza kwanza, mzigo wa kueleza unaangukia kwa aliyeleta kitu. Mila zetu zinalijua hili vizuri: mgeni hupiga hodi akiwa nje, na asipoitikiwa hurudi alikotoka. Hakuna anayeingia hadi chumbani kisha akasema mwenye nyumba yuko huru kumtoa.

Anayedhani tofauti hii ni ya maneno tu, aangalie fedha. Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google, ambayo Jaji Amit Mehta aliitolea hukumu Agosti 2024, ilidhihirika kwamba mwaka 2021 pekee Google ililipa dola bilioni 26.3 ili injini yake ya utafutaji iwe chaguo la awali kwenye vivinjari na simu za kampuni nyingine. Hakuna mtumiaji aliyezuiwa kubadilisha. Kila mmoja angeweza kuingia kwenye mipangilio na kuchagua injini nyingine kwa dakika moja. Kampuni yenye wachumi hodari haiwezi kumwaga fedha kiasi hicho kununua kitu ambacho watu watakibadilisha kesho yake. Ililipa kwa sababu inajua kwamba sehemu kubwa ya watu hukaa na kile walichokikuta. Nafasi ya awali ndiyo yenye thamani, na swichi iliyofichwa nyuma yake haipunguzi thamani hiyo hata kidogo.

Ulaya ililijua hili mapema, tena kwa machungu. Desemba 2007 kampuni ndogo ya Norway, Opera, ilipeleka malalamiko mbele ya Tume ya Ulaya ikisema Microsoft inawafungia watu Internet Explorer ndani ya Windows, hivyo vivinjari vingine havipati hata nafasi ya kuonekana. Mkuu wa Opera wakati huo alikuwa Jon von Tetzchner, mzaliwa wa Iceland, aliyekuwa mmoja wa waasisi wake. Mzozo ule ulizaa kitu kipya: kuanzia Machi 2010, watumiaji wa Windows barani Ulaya walionyeshwa ukurasa wenye orodha ya vivinjari wakaulizwa wanataka kipi. Swali liliulizwa, tena mbele ya macho, kabla ya jambo lolote kuamuliwa.

Kisha swali likapotea. Kati ya Mei 2011 na Julai 2012, kompyuta zilizopata toleo lililorekebishwa la Windows 7 hazikuonyesha ukurasa ule, na watu wapatao milioni 15 hawakuulizwa chochote. Microsoft ilisema ni kosa la kiufundi, ikaomba radhi. Machi 2013 Tume iliitoza faini ya yuro milioni 561. Ninachokikumbuka zaidi katika kisa hiki ni ule muda wa miezi kumi na minne, kuliko hata faini yenyewe. Chaguo la mamilioni ya watu lilifutika kwa sasisho moja, na kwa zaidi ya mwaka mambo yakaendelea kama kawaida. Asiyeulizwa hajui kwamba alistahili kuulizwa, kwa hiyo hana la kulalamikia.

Tetzchner aliondoka Opera, akaanzisha kivinjari kingine, Vivaldi. Agosti 2025, wakati washindani wake wakishindana kutangaza wasaidizi wa akili unde, yeye alitangaza kwamba Vivaldi haitaviingiza vitu hivyo kwa sasa. Hoja yake ilikuwa kwamba kuvinjari ni kazi ya mtu mwenyewe, ya kutafuta, kulinganisha na kupotea njia kidogo, na kwamba msaidizi anayekufupishia kila kitu hukugeuza kuwa mtazamaji. Namheshimu kwa msimamo huo, ila sikubaliani naye kikamilifu. Kukataa kwa niaba ya wote nako ni kuamua kwa niaba ya wote. Tofauti ni kwamba anayetaka msaidizi anaweza kufungua ukurasa wake mwenyewe ndani ya Vivaldi na kumtumia. Mlango wa kuingia uko wazi kwa anayeutaka.

Opera yenyewe ilikwenda njia nyingine. Mwaka 2016 biashara yake ya vivinjari iliuzwa kwa wawekezaji wa China, na mwaka 2023 ilikuwa miongoni mwa kampuni za mwanzo kuweka msaidizi wake, Aria, ndani ya kivinjari. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, Opera ina historia tofauti na hiyo ya mahakama na tume. Ni Opera Mini, iliyoanza mwaka 2005, kivinjari kilichowawezesha watu wenye simu ndogo na bando dogo kuufikia mtandao. Siri yake ni kwamba ukurasa haukuja moja kwa moja kwenye simu. Ulipitia kwanza kwenye seva za Opera, ukabanwa, ndipo ukatumwa ukiwa mwepesi. Yaani kurasa za watu zilikuwa zikipita mikononi mwa mwingine miaka mingi kabla ya akili unde kutajwa kwenye vivinjari. Lakini mpango ule ulikuwa unaeleweka. Mtu aliona bando likidumu, akajua amepata nini. Kijana aliyeiweka Opera Mini kwenye simu ya kitochi alikuwa amechagua, tena kwa hesabu yake mwenyewe. Ndiyo maana siamini ile dhana kwamba watu wa kawaida hawajali mambo haya. Wakielezwa gharama na faida kwa lugha inayogusa mfuko wao, huchagua vizuri sana.

Ugumu wa leo ni kwamba vitu visivyofanana vimepewa jina moja. Firefox ina mtafsiri anayefanya kazi ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Alizaliwa na mradi wa Bergamot, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kuongozwa na Chuo Kikuu cha Edinburgh pamoja na vyuo vya Prague, Sheffield na Tartu, akaingia rasmi kwenye Firefox ya 118 mwezi Septemba 2023. Modeli ya lugha hupakuliwa mara moja, kisha ukurasa unaousoma hautoki kwenye mashine yako. Kuna pia kipengele kinachoandika maelezo ya picha ndani ya faili za PDF, kwa faida ya wasomaji wasioona, nacho hufanya kazi papo hapo kwenye kompyuta. Vitu kama hivi mimi ningeviwasha kwa furaha. Mtu asiyeona anayesomewa na programu yake kwamba hapa pana mchoro unaoonyesha jambo fulani, badala ya kusomewa neno “picha” tupu, amepewa kitu kikubwa.

Msaidizi wa pembeni ni habari nyingine. Microsoft iliweka Hali ya Copilot kwenye kivinjari chake cha Edge Julai 2025, Google ikaanza kuisambaza Gemini ndani ya Chrome kwa watumiaji wa kompyuta nchini Marekani Septemba mwaka huohuo, na Firefox imeweka upau ambao mtumiaji anachagua mwenyewe roboti la mazungumzo analolitaka kati ya kadhaa. Hapa, unapobonyeza kitufe cha kufupisha ukurasa, maandishi ya ukurasa huo husafiri kwenda kwenye seva ya kampuni. Kwa habari za mpira hakuna neno. Lakini mfikirie mhasibu wa SACCOS aliyefungua mfumo wa ofisi kwenye kivinjari, mbele yake orodha ya wanachama, madeni yao na namba zao za simu. Kitufe kinametameta pembeni, kimekuja na sasisho la usiku, naye ana taarifa ya kuandaa kabla ya saa nane mchana. Akikibonyeza, amewasafirisha wanachama wote nje ya nchi bila yeye mwenyewe kujua kwamba amefanya hivyo. Hakuna nia mbaya mahali popote katika tukio hili. Kuna kitufe tu ambacho hakuna aliyekiomba.

Sheria zetu zina la kusema hapa. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa iwe ya wazi, huru, mahsusi, itolewe na mtu aliyeelezwa, na ionekane kwa kauli au kwa kitendo dhahiri. Tanzania ina Sheria yake ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika uamuzi wa Oktoba 2019 kuhusu kampuni ya Planet49, ilisema kisanduku kilichowekewa alama ya kukubali kabla mtu hajakigusa si ridhaa. Sheria hizi zinahusu taarifa za watu, hazisimamii kila kitufe cha kivinjari. Lakini wazo lililo ndani yake ndilo ninalolitetea kwenye sura hii: kunyamaza kwa mtu kusichukuliwe kuwa amekubali.

Gharama nayo isipuuzwe, hasa na sisi tunaonunua data kwa kipimo. Google imetengeneza modeli ndogo, Gemini Nano, inayokaa ndani ya Chrome ya kompyuta ili tovuti na vipengele vya kivinjari viitumie bila kwenda kwenye seva. Kwa upande wa faragha ni hatua nzuri, kwa sababu maneno yako hayatoki nje. Lakini maelekezo ya Google kwa watengenezaji programu yanataka diski iwe na nafasi wazi ya angalau gigabaiti 22, na muunganisho wa intaneti usiohesabiwa. Watu wangapi kati ya Mwanza na Mombasa wana intaneti isiyohesabiwa? Mwanafunzi wa chuo huiunganisha kompyuta yake na simu kwa hotspot, na si kila mara kompyuta inatambua kwamba data ile imenunuliwa kwa bando la wiki, mpaka mwenyewe aingie kwenye mipangilio aitambulishe hivyo. Kitu kinachoitwa cha bure na mhandisi wa California kinaweza kuwa chakula cha mchana cha mtu mwingine. Kumwambia ukubwa wa kinachopakuliwa, kwa megabaiti, kabla hakijaanza kupakuliwa, ni heshima ndogo isiyohitaji ugunduzi wowote.

Baada ya mtafsiri na msaidizi wa pembeni kuna aina ya tatu, na kwa hii naomba msomaji asimame kidogo. Julai 2025 kampuni ya Perplexity ilitoa kivinjari cha Comet, na Oktoba 21 mwaka huo OpenAI ikatoa ChatGPT Atlas, ikianza na kompyuta za Apple. Vivinjari hivi havisomi tu na kufupisha. Vinaweza kutenda: kubonyeza, kujaza fomu, kuhama kutoka ukurasa hadi ukurasa, vikitumia akaunti ambazo wewe umekwisha kuziingia. Agosti 2025 watafiti wa kampuni ya Brave, ambayo nayo inatengeneza kivinjari, walionyesha hatari yake. Waliweka maneno ya maagizo yaliyofichwa ndani ya ukurasa wa wavuti, mahali ambapo msomaji wa kawaida asingeyaona. Mtumiaji alipoiomba Comet ifupishe ukurasa ule, msaidizi aliyasoma maneno yale akayachukua kuwa ni amri ya bosi wake. Akaenda kwenye barua pepe ya mtumiaji, akachukua namba ya siri ya mara moja iliyotumwa huko, akaitoa nje.

Chanzo cha udhaifu huo ni jinsi modeli hizi zinavyofanya kazi. Kwazo, ombi la mtumiaji na maandishi ya ukurasa yote ni mfululizo wa maneno, na hazina ukuta thabiti unaotenganisha anayeagiza na kinachosomwa. Programu za kawaida zilijengewa ukuta huo kwa miongo mingi: tovuti moja haiwezi kuchungulia kichupo cha benki kilicho jirani yake. Msaidizi mwenye funguo za vichupo vyote anauruka ukuta huo kwa ruhusa yako mwenyewe. Dane Stuckey, ofisa mkuu wa usalama wa OpenAI, alikiri hadharani Atlas ilipozinduliwa kwamba tatizo hili bado halijapatiwa ufumbuzi. Desemba 2025 kampuni ya ushauri ya Gartner ilizishauri taasisi zivizuie vivinjari vya aina hii kwa sasa. Katika nchi ambazo mshahara, ada ya shule na mkopo vyote vinapita kwenye simu na kuthibitishwa kwa namba za siri za mara moja, kosa la namna hii halihitaji kutokea mara nyingi ili kumfilisi mtu.

Kwa hiyo swichi moja inayozima vyote, kama ile ya Firefox 148, ina ubora wake na ina upungufu wake. Ubora ni kwamba iko mahali pamoja, inazuia hata vipengele vitakavyokuja baadaye, na Mozilla imesema uamuzi wa mtumiaji utabaki baada ya masasisho. Hilo la mwisho ni zito kuliko linavyosikika. Kumbuka wale watu milioni 15. Kabla ya toleo la 148, mtumiaji wa Firefox aliyetaka kuvizima vyote kwa hakika alilazimika kuandika about:config kwenye upau wa anwani, apite onyo, kisha atafute majina kama browser.ml.chat.enabled. Chaguo linalohitaji ujuzi wa aina hiyo ni la wachache. Upungufu ni kwamba mtu aliyekasirishwa na roboti la pembeni anaweza kuibonyeza ile swichi kubwa na kumpoteza pia mtafsiri asiyemdhuru. Mozilla imeweka pia swichi za kila kipengele chini yake, na ningemshauri msomaji aanzie huko.

Inauma zaidi kuona suala hili likiitikisa Mozilla, kwa sababu ni taasisi inayojua namna ya kuomba. Mwaka 2017 ilianzisha Common Voice, mradi wa kukusanya sauti za watu kwa ajili ya teknolojia ya matamshi. Mei 2021 mradi huo ulipata dola milioni 3.4 kwa kazi ya Afrika Mashariki, Kiswahili kikiwa ndicho kiini. Watu walisoma sentensi kwenye simu zao, wakarekodi, na wengine wakasikiliza kuthibitisha. Kila sauti iliyomo ilitolewa na mtu aliyejua anachotoa na kinakwenda wapi. Kiswahili kilisogea mbele kwenye mashine kwa watu kuombwa, wakakubali. Siwezi kukubali hoja kwamba kuomba kunachelewesha maendeleo wakati lugha yangu mwenyewe ni ushahidi wa kinyume.

Kampuni zenyewe zinajua kwamba inawezekana kumwachia mteja uamuzi. Chrome ina sera kwa ajili ya ofisi iitwayo GenAiDefaultSettings: msimamizi wa mitandao wa benki au wizara huiweka mara moja, na vipengele vya akili unde zalishi vinavyosimamiwa na sera hiyo hufungwa kwenye mamia ya kompyuta kwa pamoja. Edge na Firefox nazo zina sera zao za kusimamia vipengele hivi. Mteja mkubwa aliidai swichi, akapewa, tena ikiwa na maelezo kamili. Ofisa wa TEHAMA wa hospitali ya wilaya anayesoma sura hii anaweza kuziweka sera hizo wiki hii, bila kununua chochote, na kompyuta za chumba cha kumbukumbu za wagonjwa zingekuwa za kwanza kustahili.

Mtu binafsi anastahili kitu hichohicho siku anapokifungua kivinjari kwa mara ya kwanza, na siku kipengele kipya kinapoletwa. Inatosha kumwonyesha ukurasa mmoja kwa lugha anayoisoma, unaosema kipengele kinafanya nini, maandishi ya ukurasa wake yatakwenda wapi, na kitapakua megabaiti ngapi. Vitufe viwe viwili, vya ukubwa mmoja na rangi moja, na asiyebonyeza chochote ahesabiwe kuwa hajakubali. Na kwenye mashine inayotumiwa na wengi, kama zile za maktaba ya shule au saiba, swali liulizwe upya kila anapoketi mtu mpya, kwa sababu jibu la aliyetangulia halimhusu.